Nyundo Kabla ya Mazishi

Katika kijiji chetu cha Ha Ramohapi, chuma hakigongwi maiti akiwa hajazikwa. Tangu msiba utangazwe mpaka udongo urudishwe kaburini, nyundo hulala. Sururu ya kuchimbia kaburi peke yake ndiyo iliyosamehewa. Anayeuvunja mwiko huu hutoa kondoo mmoja kwa nyumba iliyofiwa, wala haulizwi sababu.

Msimamizi wa mwiko huo alikuwa Ntate Moorosi, yaani Baba Moorosi, mzee wa kanisa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka barazani kwa chifu. Majira ya baridi yaliyotangulia alimtoza kondoo Khiba, mfugaji maskini wa upande wa juu, kwa kupigilia bati lililokuwa likipeperushwa na upepo huku theluji ikiwaangukia watoto wake. Khiba alijaribu kueleza. Moorosi akamwambia kwamba upepo hauna kondoo, yeye anao.

Kisha msiba ukamfikia Moorosi mwenyewe. Jumatano zilikuja habari kwamba mdogo wake, Phakiso, amefariki katika hospitali ya bondeni. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Madereva wa mjini walikataa kupandisha maiti mlimani kwetu, kwa kuwa mvua ilikuwa imekula njia. Gari lililoweza kupita lilikuwa moja tu, Land Rover kuukuu ya jirani yake Lebitsa, nalo lilikuwa bovu. Mipira miwili inayoikalisha injini ilikuwa imekufa, hata gia ikiingia injini iliruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, na feni ilikwisha kuanza kuiparuza rejeta. Lebitsa alikuwa na mipira mipya nyumbani tangu msimu wa kunyoa kondoo, lakini kila juma alisema juma lijalo.

Alimweleza Moorosi waziwazi kwamba kwa hali ile feni ingeitoboa rejeta kabla ya kona ya kwanza ya mlima, na marehemu angelala njiani. Moorosi akauliza kama matengenezo yanahitaji nyundo. Lebitsa akajibu kuwa ni kazi ya spana na jeki. Moorosi akaruhusu, akaja kusimama pale uani ili ajionee mwenyewe.

Lebitsa akazuia magurudumu kwa mawe, akachomoa waya wa betri, akafungua kava la feni ili injini ikiinuka isije ikaigonga rejeta. Juu ya jeki akaweka kipande cha ubao, maana chuma kitupu kingeibonyeza sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kisha akaiinua injini kidogo kidogo mpaka uzito ukatoka kwenye mipira. Mpira wa kulia ulitoka bila taabu. Ulikuwa umelowa oili, umelainika kama jibini, umebanduka kabisa kutoka kwenye bamba lake. Wa kushoto, ulio karibu na bomba la moshi, ulikataa. Nati yake ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaimwagia mafuta ya taa, akaiacha hadi kesho yake, ikawa vilevile. Msumeno haukupata nafasi ya kupita. Akairefusha spana kwa bomba, na spana ikaanza kuzila kona za nati.

Akatoka chini ya gari akifuta mikono.

"Ntate, nati hii inataka kutishwa. Nikivisha spana ya duara na kuigonga mara chache itaachia. Bila hivyo, wapigie watu wa mochwari uwaambie tutamfuata wiki ijayo."

"Phakiso akae wiki nzima kwenye friji ya watu?"

"Basi nitagonga mimi, na kondoo nitatoa mimi."

"Hutagonga," Moorosi akasema. "Nimewatoza watu kwa mwiko huu. Sitauvunja kwa mkono wako. Nyundo iko wapi?"

Akavua blanketi alilojitanda mabegani, akalitundika kwenye kioo cha gari, akajilaza chini kwenye vumbi lenye oili. Lebitsa akaishikilia spana mahali pake, naye Moorosi akagonga. Kijiji kizima kilisikia. Wanawake waliokuwa wakikoroga uji mchachu kwenye nyumba ya msiba waligeukia sauti ilikotoka. Nati ikaachia.

Lebitsa akaiweka mipira mipya, akazikaza bolti kwa vidole tu, akaishusha injini mpaka ikakaa sawasawa pande zote mbili, ndipo akazikaza kwa spana. Kwani anayekaza upande mmoja kwanza, matundu ya upande wa pili hayakutani. Akarudisha kava la feni na waya wa betri, akaliwasha gari, akakanyaga breki, akaingiza gia. Injini haikuruka.

Ijumaa Phakiso akafika nyumbani. Jumamosi akazikwa.

Jumatatu Moorosi akaja barazani na kondoo, akasimama mahali wanaposimama wanaotozwa. Hapo pakazuka utata, kwa sababu nyumba iliyofiwa ilikuwa ya mdogo wake, na ndugu hao walitumia zizi moja. Bibi mmoja akasema kondoo huyo atatoka kwa mlango na kurudi kwa mlango uleule, hata miguu haitamchoka. Watu wakacheka. Chifu akamgeukia Mamolibeli, mjane wa Phakiso.

"Kondoo ni wa nyumba yangu, basi neno ni langu," Mamolibeli akasema. "Shemeji, mpelekee Khiba. Umpeleke wewe mwenyewe, usimtume mchungaji."

Moorosi akashika njia. Akamswaga kondoo mpaka juu kwa Khiba. Khiba akamtazama meno, akampapasa tumbo.

"Ni mzuri huyu, Ntate. Ila wangu alikuwa na mimba."

 Moorosi akamgeuza kondoo, akateremka naye hadi zizini, akachagua jike mwenye mimba, akapanda tena. Khiba akafungua zizi, kondoo akaingia, na Moorosi akalifunga kwa mkono wake.