Soksi ya Marehemu katika Pua ya Jiko

Bi Zumreta hakuogopa radi, hakuogopa mbwa wa jirani, na wakati wa vita alikuwa akishuka mtoni kuteka maji huku wanaume wazima wamejibanza chini ya ngazi. Lakini dirisha likiachwa wazi upande huu na mlango upande ule, damu ilimganda. Upepo ule unaopenya katikati, ambao mtaani kwao, juu ya mji wa Travnik, mtoto hulijua jina lake, promaja, kabla hajalijua jina la babu yake, ndio uliomuua mumewe. Madaktari waliandika mapafu. Waandike watakavyo. Zumreta alimwona Mehaga kwa macho yake: katoka kukata majani, shati linachuruzika jasho, akaketi kati ya mlango na dirisha kunywa maziwa mgando. Wiki haikuisha wakamfukia.

Basi fundi Šefkija alipoinua keekee yake na kuielekeza kwenye ukuta wa sebule, Zumreta alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Wewe, unafanya nini?"

"Natoboa, mama."

"Nani kakutuma utoboe ukuta wangu?"

"Mkweo Fikret kanunua jiko. Jiko linavuta hewa. Hewa inatoka nje. Au unataka niichore?"

Fikret alilinunua jiko lile kwa ajili ya mtoto. Merisa, binti pekee wa Zumreta, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Vedad, na alikuja kumalizia arobaini yake kwa mama yake, kama ilivyo ada. Na sebule ya mama yake ilikuwa na meko ya ukutani aliyoijenga marehemu kwa mawe ya mtoni, meko kubwa ya kumweka kondoo mzima. Meko hiyo ilikula kuni kama jeshi, na joto lake lote lilikwenda juu kuwapasha kunguru wa paa. Ndiyo Šefkija akaja na jiko la peleti. Alipitisha bomba la chuma ndani ya dohani ya zamani mpaka juu, akaufunga mdomo wa meko kwa bati nene, akalisimamisha jiko mbele yake, jeusi, linang'aa, lina kioo usoni kama televisheni. Peleti zenyewe zilikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa, vipande vidogovidogo. Šuhra, jirani wa ukuta mmoja, alipouona mfuko wa kwanza alichota konzi moja, akanusa, akasema, "Haya, Zumreta, sasa unafuga kuku sebuleni?"

Tundu likatobolewa. Šefkija akalivisha wavu mdogo ndani na nje, akajipangusa vumbi, akamwita Zumreta karibu.

"Hii ni pua, mama. Madirisha yako mapya haya hayapitishi hata kwikwi. Jiko likikosa pua litakosa pumzi, na moshi utarudi humu kwenu. Na moshi wake huuoni, huunusi. Usizibe."

"Na baridi?"

"Utavaa koti. Mimi nikikubana pua na mdomo, utaendelea na umbea?"

Zumreta akacheka, akamfungia mkate wa nyama akale njiani. Lakini alipofunga mlango, alikwenda akaweka kiganja kwenye wavu. Upepo ulikuja, mwembamba, baridi kama ulimi wa nyoka. Akaufuata kwa mkono: ulipita juu ya zulia, ukapita chini ya meza, ukafika moja kwa moja penye kitanda cha bembea cha Vedad.

Akakihamisha kitanda pembe nyingine. Usiku kucha aliusikia ule upepo ukimwita kwa jina. Asubuhi, Merisa akiwa bado amelala, alifungua kabati, akatoa soksi ya sufu ya Mehaga, ile ya kijivu aliyoifuma mwenyewe, akaufungua wavu, akaisokomeza tunduni mpaka kidole kikakoma. Akarudisha wavu. Hakumwambia mtu. Hata Šuhra, na kumnyima Šuhra habari kwa Zumreta kulikuwa sawa na kufunga bila futari.

Ijumaa ile wakaja wanawake kumwona mtoto. Nani angekosa? Theluji ilikuwa imeshika, kazi hakuna, na nyumba ya Zumreta ilijulikana kwa kahawa nzito na habari moto. Makochi yakajaa, viti vya jikoni vikaletwa, wengine wakakaa zuliani. Zumreta alikuwa jikoni akikaanga maandazi ya kuumuka, feni ya kunyonya moshi inanguruma juu ya kikaango, mlango wa katikati uko wazi ili asipitwe na neno.

"Pua ya babake hii," mmoja alisema juu ya kitanda.

"Mungu amnusuru, sura iliyobaki iwe ya mamake."

"Mashallah mseme, msimtie jicho!"

Jiko likalia. Tii, tii, tii. Maandishi mekundu yakawaka usoni mwake, moto ukaanza kufifia.

"Linatusalimia," akasema Šuhra. "Aleikumu salaam, bwana jiko!"

Wakacheka. Zumreta akaja akipangusa mikono, akabonyeza kitufe kama Fikret alivyomwonyesha, jiko likanyamaza, likajiwasha upya. Baada ya muda likalia tena. Akabonyeza tena. Safari hii aliuangalia moto. Siku ya kwanza ulikuwa mweupe, unaruka kama mbuzi. Sasa ulikuwa mwekundu, mzito, umelala, unalamba kioo na kukiacha cheusi. Paka, ambaye tangu jiko lije alikuwa hatoki mbele yake, alikuwa mlangoni akikwaruza atolewe.

Kitu kikamgusa Zumreta moyoni, kikapita. Maandazi yalikuwa yanaungua.

"Kichwa changu leo," alisema mwanamke mmoja kochini. "Hali ya hewa hii."

"Hata mimi. Theluji nyingine inakuja."

"Kahawa yako kali, Zumreta."

Polepole mazungumzo yakapungua. Katika nyumba ile! Zumreta alikuwa jikoni anageuza andazi, akasikia kimya, na kimya kikamtisha kuliko kelele yoyote. Akachungulia. Wanawake walikuwa wameegemea makochi, mashavu mekundu, macho mazito. Šuhra, Šuhra mwenyewe, alikuwa ameshika kikombe bila kunena.

"Vedad vipi?" Zumreta akauliza.

"Kalala vizuri," akasema Merisa. "Joto limemkolea. Hata kunyonya hataki."

"Tangu lini?"

Merisa akainuka amwangalie. Akayumba. Alishika ncha ya kitambaa cha meza, vikombe vikamfuata mpaka chini. Wanawake wakapiga yowe, yowe dogo, la watu waliochoka. Katika kelele zote zile za vyombo, mtoto hakushtuka. Hakukunja hata kidole.

"Kashtuka mzazi!" akasema Bibi Devleta kutoka kochi la pembeni.

Bibi Devleta alikuwa mmwaga risasi, ile metali laini ya kijivu. Mtu akipatwa na hofu ikamkaa mwilini, mtoto akigoma ziwa, mjamzito akiota vibaya, huitwa yeye: humfunika mgonjwa kwa kitambaa chekundu, huyeyusha kipande cha risasi, akakimwaga kwenye maji ya baridi juu ya kichwa chake. Risasi ikaganda kwa umbo la kile kilichomwogopesha, na hofu ikatoka. Hakuna arobaini mtaani aliyoiendea bila kipande cha risasi mkobani.

"Ni hili dude linalolia," alisema. "Limemtia hofu mama, maziwa yamebeba hofu, mtoto kainywa. Zumreta, lete makaa."

"Makaa ya moto sina, bibi."

"Huna makaa? Nyumba ya Mehaga haina makaa?"

Zumreta akatazama mahali meko ilipokuwa. Bati. Mbele ya bati, kioo cheusi.

"Yeyusha kwenye jiko la umeme, bibi, nakuomba."

"Umeme hautoi hofu. Umeme unaileta. Nenda uani kawashe choma-nyama, na ufanye haraka, mtoto huyu simpendi anavyolala."

Zumreta akatoka mbio na koleo na kiberiti, akaufunga mlango nyuma yake upepo usiingie. Kule nje kwenye theluji aliinama juu ya jiko la kuchomea nyama, na mara akatapika. Akashika nguzo. Akavuta pumzi, tena, tena. Kichwa kilichokuwa kinampiga nyundo tangu adhuhuri kikaanza kuwa chepesi, kama mtu aliyevuliwa kofia ya chuma.

Akawasha mkaa. Akarudi ndani kuchukua sufuria ya risasi. Hatua chache tu sebuleni, na nyundo ile ikarudi. Bibi Devleta alimkabidhi sufuria. Akatoka tena; nyundo ikaacha.

Hapo Zumreta akasimama. Hakuwa na elimu ya moshi, lakini alikuwa na elimu ya nyumba. Maisha yake yote upepo wa nje ulikuwa unaua na joto la ndani linaponya, na sasa mwili wake ulikuwa unamwambia kinyume. Akainua macho ukutani. Palikuwa na wavu wa nje wa Šefkija, na katika matundu ya wavu, manyoya ya sufu ya kijivu yamechomoza kama mkia wa panya.

Pua.

Alitazama dirishani. Wanawake wale, vichwa vimelala mabegani kama maua yaliyokosa maji. Merisa kaketi chini, mkono mmoja kwenye kitanda cha bembea. Wazo likamjia, la aibu, lakini lilikuja: kesho Travnik nzima itajua. Zumreta wa soksi. Yeye aliyewapa wengine majina ya utani.

Wazo halikumaliza kupita. Sufuria ya risasi ilianguka kwenye theluji ikazama, naye alikuwa ameshaingia. Alifungua mlango wa mbele kwa nguvu ukagonga ukuta. Akavuka sebule, akafungua dirisha la bustani. Akafungua la barabarani. Upepo ukaingia na theluji, mapazia yakaruka juu.

"Promaja!" akapiga kelele Šuhra, kana kwamba kaona moto. "Zumreta, umerogwa? Kuna mtoto wa arobaini humu!"

Akaliendea dirisha, akalifunga. Zumreta akalifungua. Mwingine akafunga mlango. Zumreta akaurudia, akaupiga teke.

"Tokeni! Tokeni nje wote!"

"Mama, unataka kumuua?" Merisa alilia, akijaribu kusimama. "Mama, funga! Funga, mama!"

Hilo ndilo lililomkata. Sauti ile ile, maneno yale yale ambayo yeye alimwambia Mehaga siku ya majani. Nywele za shingo zilimsimama, kila mshipa wake ulimwambia binti yako anasema kweli, funga. Akamwinua Vedad kitandani. Mtoto alikuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa, mashavu mekundu, mazuri mno. Akamkumbatia ndani ya sweta yake, akapita katikati ya mikono iliyomshika sketi, akatoka naye mpaka katikati ya uwanja, pale upepo wa mlima unapokuja bila kizuizi.

"Pumua," alimwambia. "Pumua, babu, pumua, mwanaume wangu."

Hakuona mtoto akipumua. Theluji ilimwangukia kope. Merisa alikuwa amefika kizingitini akitambaa, na nyuma yake wanawake, wanaosukumana, wanaotapika, wanaomlaani Zumreta. Alimfunua mtoto kifua, akampulizia usoni. Huo nao ulikuwa upepo. Akampulizia tena.

Vedad akakunja uso. Akafungua mdomo, akakaa hivyo, mdomo wazi bila sauti, muda ambao Zumreta angeulipia kwa miaka yake yote iliyobaki. Kisha akalia.

"Haya, sasa matusi," alisema Šuhra akiwa amekaa kwenye theluji, machozi yanamtoka. "Mtukane bibi yako. Mtukane sana."

Gari la wagonjwa liliwachukua mama na mtoto na wazee wawili. Hospitali waliwawekea hewa puani mpaka rangi ikawarudia, na daktari alimwambia Fikret jambo ambalo Fikret hakulirudia mbele ya mkwewe, ila tangu siku hiyo alikuwa akimbusu mkono kila anapoingia, na hamtazami machoni. Šefkija alikuja, akaichomoa soksi kwa koleo, akaiweka mezani. Alikuwa na mzaha mdomoni, ukaonekana, lakini aliumeza. Alifunga juu ya rafu kijidude cheupe cha kupiga kelele moshi ule ukirudi, akajaribu kelele yake, Zumreta akaruka.

Kuhusu jina, hakukosea. Sokoni sasa anaitwa Bi Soksi, na Šuhra ndiye aliyemletea habari hiyo kwa kahawa, huku anajipepea.

Bibi Devleta alirudi na risasi yake. Merisa alisema hana haja, mtoto ananyonya vizuri.

"Nani kasema nimekuja kwa mtoto?" alijibu yule mzee. "Zumreta, kaa hapa."

Wakaweka kiti katikati ya sebule. Dirisha lilikuwa limeachwa wazi upana wa kidole, na tundu la ukutani lilikuwa likivuta pumzi yake. Kitambaa chekundu kikamfunika. Alisikia risasi ikilia ndani ya maji juu ya kichwa chake, akausikia upepo ukimpita shingoni, mwembamba, baridi. Akashika kiti kwa mikono miwili asiinuke kuufunga.

"Imetoka nini, bibi?" Šuhra aliuliza, akinyoosha shingo.

Bibi Devleta aliigeuza risasi bakulini, huku na huku.

"Sijui," alisema. "Haijamaliza kutoka."

Mpaka leo, ukiwa kwake katikati ya habari, hata iwe habari tamu kiasi gani, utamwona Zumreta anainuka, anakwenda ukutani, anaweka kiganja kwenye wavu, anangoja. Upepo ukimgusa anatetemeka. Ndipo anaporudi kukaa, akasema, "Ehe, ukasema akamjibu nini?"