Mjukuu wa Pili

Wa kwanza alipotoka nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tumbo la mkamwana wangu Mijeu likakaza tena. Nilipopapasa nikakuta kichwa kingine. Mapacha! Kwetu vilimani watu huzaa mmoja mmoja. Wanaozaa wawili ni wanyama na pepo. Ndivyo nilivyofundishwa tangu sijaota meno. Pacha hutiwa majivu mdomoni kabla jua halijazama, wazazi wake hufukuzwa na nyumba huchomwa.

"Mama, mbona umenyamaza?" Mijeu akauliza.

"Sukuma, mwanangu. Maneno baadaye."

Akaja msichana, kadogo hivi, anapiga kelele kuliko kaka yake. Jamani, na kuta zenyewe za mianzi!

Nyumba yetu tu ndiyo ilikuwa ya Wakristo. Tulibatizwa kiangazi kilichopita, na siku ile nilimpelekea shemeji yangu Asaw kikapu cha kuwatambikia mababu, kilichoning'inia juu ya kitanda changu tangu nilipoolewa. Asaw ndiye kuhani wa kijiji. Alikipokea akinitazama kama mtu aliyekuja kunizika.

Sasa alikuwa anapanda ngazi yetu, na wanaume wenye marungu wamebaki uani. Hakuingia. Alisimama mlangoni, midomo inamcheza. Naye aliogopa, maskini.

"Shemeji, ni wangapi?"

Mwanangu Lochu, baba wa watoto, aliinamisha kichwa. Mwanamume mzima! Nilitamani kusema mmoja, lakini majirani walikuwa wameshasikia.

"Wawili," nikasema.

Asaw akashusha sauti. "Nisikilize, Mibo. Hawa ni damu ya marehemu kaka yangu, sitaki kuwachomea nyumba. Kikapu kipo kwangu. Kirudishe mahali pake, chinja kuku, waombe radhi mababu. Huyo mdogo nipe mimi. Nitawaambia wale kwamba mababu wameridhika. Mtabaki kwenu."

"Na nikikataa?"

"Mtoke nje ya lango la kijiji sasa hivi, wote. Na huko nje unajua kuna nini."

Nilijua sana. Ndani ya lango ni kwa watu, nje ni kwa pepo, na mzazi mwenye damu mbichi ndiye wanayemtaka. Nisiwadanganye: saa ile imani yangu haikujaa hata kijiko. Niliwaogopa mababu, niliuogopa msitu, nikamwogopa na Mungu mwenyewe kwa jinsi alivyonyamaza. Nikayatazama majivu mekoni. Moyo ukaniambia, huyu hana hata jina bado, nani atamlilia?

"Mama," Lochu akanong'ona, "si mmoja atabaki?"

Mijeu akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akanitazama mimi, si mumewe. Hapo hasira ikanipanda.

"Funga mdomo wako! Ungekuwa wewe wa pili, ningekufanya nini?" Nikamgeukia Asaw. "Shemeji, mababu na pepo wako ni wengi, na wote wanamtaka mtoto huyu. Mungu wangu ni mmoja, na hajaniambia nimuue mtu."

"Utakufa, bibi wewe."

"Basi nife nimembeba."

Mdomo ulikuwa shujaa. Miguu haikuwa na habari hiyo. Lochu alimweka mkewe mgongoni na kumfunga yule wa kiume kifuani. Mimi nikambeba msichana. Tulipopita, watu waligeukia kuta ili macho yetu yasiwaguse, hata wale niliowazalisha. Nyuma yetu nikasikia harufu ya nyasi za paa zikiungua, na nikajua ni za kwangu. Tukafika langoni. Nilitafuta sala niliyofundishwa, yote ikanipotea, nikabaki na "Baba, Baba" tu. Nikafumba macho, nikapita.

Msituni hakuna ndege aliyelia. Tulikuwa hatujafika mbali msichana alipoanza kulia. Kwetu mtoto halii msituni. Unamziba mdomo upesi, pepo wasijue alipo. Kiganja changu kilikuwa kimeshamfunika, na chini yake nikahisi anavyohangaika kupata pumzi.

Nikakiondoa.

"Lia, mjukuu wangu," nikamwambia, meno yananigongana. "Lia wakusikie wote. Una mwenyewe, naye ni Mungu."

Akalia kweli, nasi tukaendelea kuteremka kuelekea bondeni, kwa waliotubatiza.