Kiatu Mlangoni mwa Vipokezi

Jildou alishuka kwenye baiskeli akiwa na boksi la keki mkononi, na kabla hajanisalimu nikajua amekipata alichokitafuta kwa miaka minne. Huku mkoani kwetu Drenthe mwenye furaha ndiye anayenunua keki akawalisha wenzake. Binti huyu mtafiti hakuwahi kuninunulia hata biskuti.

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya kibanda cha chuma, nimechoka hata kope zilikuwa mzigo. Kwa miaka ishirini na miwili nimevitunza vipokezi vilivyomo ndani. Antena zimetapakaa malishoni, zinanasa mawimbi hafifu ya mbingu, na vipokezi huyageuza kuwa tarakimu. Ajabu ni kwamba vipokezi vyenyewe hutoa kelele za mawimbi kuliko kitu chochote kijijini. Ndiyo maana vimefungiwa ndani ya chuma, na ukingo wa mlango umepangwa vijimeno vya shaba, kelele zisivuje zikazifikia antena. Mlango haukai wazi. Vijana wangapi nimewakaripia kwa ajili ya mlango huo!

"Geesje, mama yangu, inuka nikukumbatie!"

"Thubutu kuugusa mgongo huu uone."

Alicheka. "Kimeonekana! Kinundu kidogo tu kwenye mchoro wa mawimbi ya mbingu, lakini kipo, siku kumi na tisa mfululizo. Profesa wangu kasema tuandike makala. Na usiniambie ni uzio wa Harm!"

Harm ni mfugaji, jirani yetu. Kila kelele ikizidi tunamwandama kwa uzio wake wa umeme. Mwezi Agosti nilimlazimisha auzime, kondoo wake saba wakatorokea barabarani.

"Siku zipi hizo?" niliuliza.

"Kuanzia tarehe tisa Agosti."

Tarehe tisa mtambo wa kupoza uliharibika, na joto lilikuwa la kuchemsha yai. Vipokezi vingezimika. Fundi aliahidi kuja kesho yake, basi nikavua kiatu changu cha mti nikakibana mlangoni, upenyo wa vidole viwili, hewa ipite. Kesho ya fundi ikazaa kesho nyingine. Kwenye daftari la kituo sikuandika neno. Niliona haya.

Siri ya mtungi muulize kata, wasemavyo wahenga, na kata ni mimi, wala hakuna aliyekuwa akiniuliza. Zilibaki wiki sita nistaafu. Ningekula keki, nikaenda zangu nyumbani, jina langu safi. Nilimtazama Jildou akihangaika na kamba ya boksi, nikamchukia kidogo kwa kuja leo.

"Kilitoweka tarehe ishirini na saba," nikasema. "Mchana."

Akaiacha kamba. "Umejuaje kuwa ni mchana? Hilo sijamwambia mtu."

"Siku hiyo fundi alikuja. Nikavaa kiatu changu."

Nilimweleza yote. Aliugeukia mlango, akavipapasa vijimeno vya shaba kimoja kimoja, kisha akaketi kando yangu kwenye ngazi.

"Miaka minne, Geesje."

"Najua."

"Kumbe tulikuwa tunajisikiliza wenyewe." Sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. "Ungeandika mstari mmoja tu."

"Mmoja tu. Nisamehe, mwanangu."

Hakusema amenisamehe. Alifungua boksi, akaikata keki kwa ufunguo wa baiskeli, vipande vitatu vilivyopinda. Kimoja akanipa. Kimoja akakishika bila kukila. Cha tatu akakifunga kwenye karatasi, akaniwekea mapajani.

"Hiki mpelekee Harm," alisema. "Umwambie mwenyewe kuwa kelele hazikuwa za uzio wake."

Niliinuka. Nikausukuma mlango mpaka shaba ikabana, nikaujaribu tena kwa bega, kisha nikashika njia ya malishoni, viatu vyangu vya mti vikizama matopeni kila hatua.