Matunzo ya Tovuti

Mama Makochi alikuwa ameshashika kalamu. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye kaka yake aliuzunguka ukoo mzima akisema dada yake ni mbishi wa kuzaliwa, eti alikuja kwenye kikao akiwa na lake moyoni. Uongo mtupu! Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi iko mbele yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, na alichokuwa anakitafuta ni mahali pa kuweka saini, basi.

Walikuwa watatu pale karakanani asubuhi ile ya Jumatano. Yeye mwenyewe, fundi wa makochi, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye vidole vigumu kwa kuvuta vitambaa na kupiga stepla. Kaka yake mkubwa, muuza saruji, aliyekuja na bahasha ya pesa mfukoni. Na mtaalamu wa tovuti, rafiki wa kaka, bwana wa viatu vilivyochongoka, ambaye alikifuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Kiti kipya, jamani! Mama Makochi aliliona hilo akalimeza.

Mambo yalianzia kwa mama mmoja, afisa manunuzi wa hoteli. Huyo alikalia kochi la Mama Makochi nyumbani kwa jamaa yake, akalipenda, akapiga simu. Hoteli ilikuwa inatafuta fundi wa kushona upya viti vya ukumbi wa chakula, viti sitini. "Nitumie tovuti yenu kabla Ijumaa haijaisha," akasema, "niwaonyeshe wakubwa." Mama Makochi akajibu "bila shaka" kama mtu mwenye tovuti tatu. Alipokata simu ndipo alipokaa chini.

Mwanzoni kaka hakutaka hata kusikia. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia.

"Na biashara ni matangazo," dada akamjibu. "Au saruji yako inajiuza yenyewe? Mbona umelipaka gari zima jina lako mpaka kwenye vioo?"

Kaka akacheka, maana kwa maneno hamuwezi. Akasema sawa, nusu ya gharama atatoa yeye, lakini na mtu wa kuitengeneza atamleta yeye. Dada akashukuru. Nani angekataa?

Sasa karatasi ya makadirio ndiyo hiyo mezani. "Unaweza kuisoma kidogo, mama, ukipenda," mtaalamu alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba usipende. Bila miwani Mama Makochi aliona sisimizi watupu. Ila mstari mmoja ulikuwa umeandikwa kwa herufi nene, na huo aliuona: MATUNZO KILA MWEZI.

Kalamu ikasimama.

"Matunzo?"

"Ndiyo, mama."

"Ya nani?"

"Ya tovuti. Kila mwezi unatulipa kiasi hicho hapo."

"Mimi nikulipe wewe matunzo."

"Ndiyo, mama."

"Hebu nikumbushe, baba. Mimi na wewe tumezaa lini?"

Kwa wengine matunzo ni neno kama maneno mengine. Kwa Mama Makochi neno lile lilikuwa na benchi lake, la mbao, kwenye korido ya ofisi ya ustawi wa jamii, ambapo alikaa miaka sita akiwafuatilizia watoto wake wawili haki yao. Baba yao aliamriwa alipe. Alilipa mara mbili, na mara ya pili alileta pungufu, akaomba na nauli ya kurudia. "Wawili nimewalea bila senti ya mtu," Mama Makochi alisema, sauti ikipanda, "leo nianze kulea mtoto wa kompyuta!"

Kaka akajifunika uso kwa mikono. Mtaalamu, jasho linamtoka, akaeleza kwamba matunzo hapo ni ya kuiangalia tovuti isiharibike, kurekebisha hiki na kile.

"Basi si useme matengenezo! Unaniletea matunzo asubuhi yote hii, unataka presha inipande?"

Wangecheka yakaisha. Lakini neno lilikuwa limeshamwasha. Alikwishaapa zamani kwamba karatasi yoyote yenye neno hilo hataisaini kabla ya kuisoma hadi nukta ya mwisho, akaenda kuchukua miwani. Akasoma, kidole kikifuata mstari kwa mstari, wanaume wawili wakitazamana. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, kidole kikakwama.

"Anwani ya tovuti itaandikishwa kwa jina la mtengenezaji. Maana yake nini?"

"Ah, huo ni utaratibu tu. Ile anwani watu wanayoiandika ili wakupate inakaa kwetu, kwa usalama."

"Nikishindwa kulipa hayo matengenezo?"

"Haiwezi kufika huko, mama."

"Nimeuliza."

"Basi... tunaizima."

"Na anwani yenye jina la kazi yangu?"

"Inabaki kwetu."

"Kwa hiyo tukiachana mimi naondoka na nini?"

"Sasa mama, kwa nini tuachane?"

"Hata yule mwingine aliniuliza hivyohivyo."

Yule mwingine, baba wa watoto wake, alipoondoka, hakubeba kochi wala mkasi. Alibeba laini ya simu. Namba iliyoandikwa kwenye kibao cha karakana ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake, na wateja wa miaka tisa walipopiga, alipokea yeye, akawaelekeza kwa fundi mwingine na kujilia kamisheni yake kwa raha. Kampuni ya simu ikamwambia Mama Makochi kwamba mwenye laini ni yule aliyesajiliwa. Jasho lake, namba ya mtu! Akaanza upya kwa kugonga milango ya watu, akiuliza kama wana kochi lililobonyea. Hasira ya siku zile ilimrudia yote, ikamkaa kifuani.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema.

"Lugha gani hiyo mbele ya mgeni!" kaka akafoka.

"Mgeni ndiye aliyeileta nguo." Akaigeuza karatasi upande mweupe, akachora kochi. "Bwana mtaalamu, mimi nakadiria hivi. Kochi lina fremu, lina sponji, lina kitambaa, lina urembo. Pesa ikiwa ndogo naondoa urembo, watu wanakaa vilevile. Fremu siigusi, maana bila fremu hilo ni godoro. Sasa nioneshe. Kwenye tovuti yako fremu ni ipi?"

Mtaalamu akasitasita. "Anwani, na mahali pa kuiweka."

"Sponji?"

"Maelezo na picha."

"Na hili kochi linalozunguka lenyewe, na picha za kununua za mzungu anayecheka na nyundo, na kisanduku cha kupigia soga na mteja?"

"Urembo," akakubali, kwa shida.

"Basi niuzie fremu kwa jina langu, na sponji kiasi. Urembo baki nao."

"Hatuuzi vipande, mama. Sisi tunauza kifurushi."

Kaka akapiga meza. "Saini, tumalize! Nusu ni yangu na mimi nimeshakubali."

"Nusu yako ndiyo inakupa ruhusa ya kunisainisha chote changu?"

"Mtu anakusaidia, wewe unamletea ujuaji!"

"Ahsante, kaka. Nakushukuru kwa moyo wote. Lakini karatasi hii siisaini, hata ungenimwagia saruji yote ya duka lako."

Kaka akasimama, bahasha yake mfukoni, akatoka bila kuaga. Mtaalamu akamfuata, viatu vyake vikikanyaga vipande vya sponji mlangoni.

Kusema kweli, Mama Makochi aliogopa. Watu hupenda kusimulia kwamba mtu jasiri haogopi. Hao hawajawahi kukataa pesa ya ndugu huku siku mbili tu zimebaki. Akaifunga karakana, akapanda ngazi za duka la vitabu lililokuwa mtaa wa pili, mahali ambapo mwalimu wa kompyuta alikuwa na chumba chenye meza nne na feni moja mbovu.

"Nina pesa ya viti vinne," alimwambia. "Ikizidi hapo siwezi. Fremu kwanza, na fremu iwe yangu."

Mwalimu hakuelewa habari ya fremu, akaelezwa, akacheka mpaka akavua miwani. Anwani na mahali pa kuiweka, kwa mwaka mzima, havikufika hata bei ya stuli. Mama Makochi alirudia kuuliza mara tatu, akidhani kuna mtego. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono, na kwa kazi ya mikono hakuomba kupunguziwa sana, maana anajua inavyouma. Wakaelewana ukurasa mmoja, kisha afundishwe kubadilisha picha mwenyewe, asije akatafuta mtu wa kumtunzia.

Fomu ilipofika kwenye sehemu ya mmiliki, aliandika kwa kidole kimoja majina yake matatu, yale ya kwenye kitambulisho. Ilichukua muda. Mwalimu alitaka kumsaidia, akaambiwa aache.

Alhamisi walipiga picha karakanani. Mama Makochi alikuwa kazini, misumari sita midomoni kama wafanyavyo mafundi wa makochi, nyundo mkononi. "Tabasamu kidogo," mwalimu akamwambia. Angetabasamuje? Ikapigwa hivyohivyo, amekunja uso, anaitazama kamera kama anayemtazama mdaiwa sugu. Ikawekwa juu kabisa.

Ijumaa saa nne asubuhi linki ikaenda. Saa tisa simu ikaita.

"Huyu mwenye misumari mdomoni ndiye fundi?" mama wa hoteli akauliza.

"Ndiye. Ni mimi."

"Wakubwa wanasema ulete kiti kimoja Jumanne, wakikalie ndipo waamue."

Kimoja, kati ya sitini. Mama Makochi akasema atakileta Jumatatu.

Jumamosi kaka akaja, mkono mmoja umeshika simu, ukurasa uko wazi. Inaelekea alikuwa ameutazama sana, maana alijua mpaka ile picha ya chini imekaa upande. Hakukaa. Akasimama katikati ya karakana, akimwangalia dada yake akivuta kitambaa kwenye kiti cha mfano.

"Haya, umefanya unavyotaka. Umeniaibisha mbele ya rafiki yangu. Siku ukikwama, usije kwangu."

Mama Makochi akaitoa misumari mdomoni, akaishika kiganjani.

"Nitakuja, kaka. Nikikwama nitakuja kwako siku hiyohiyo, na nitapiga hodi mpaka ufungue, maana wewe ni damu yangu na sina mwingine. Nitakuomba pesa, nitakuomba chakula, hata pa kulala nitakuomba. Ila jina sitakuja kuliomba. Hilo ninalo."