Fahali wa Kila Familia

"Ndugu wananchi, kuanzia leo ukoo huu hautasahaulika mpaka mwisho wa dunia," Dida alitangaza katikati ya boma la Mzee Galgalo, mkono mmoja ukiwa juu kama wa mgombea ubunge, mkono wa pili ukiwa nyuma, umeshika suruali.

Mkono wa pili ulikuwa na sababu. Njiani kutoka Garsen pikipiki ilikuwa imeruka shimo, Dida akashukia upande mmoja na mshono wa suruali ukaenda upande mwingine.

Mzee Galgalo alimtazama kutoka kwenye kigoda chake, fimbo imelala magotini.

"Mwisho ya dunia nimesikia," alisema. "Sasa funga suruali."

Ifahamike kwamba Dida hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mwanzilishi, mkurugenzi na mfagizi wa Dida Digital, studio yenye makao makuu nyuma ya duka la dawa za mifugo, ambako mteja alitabasamu huku akinusa dawa ya kupe. Alipiga picha za vitambulisho, za harusi na za watoto wa chekechea. Na kila mwaka mitihani ya kidato cha nne ilipokwisha, alipanda pikipiki na kuwafuata wahitimu makwao, kwa maana bango lake lilisema mhitimu apigwe picha pale alipotokea, mbele ya watu wake, akiwa na joho. Joho lilikuwa moja tu.

Lakini kazi ya siku hiyo haikuwa ya joho tu. Mzee Galgalo alikuwa na binti mkubwa, Nimo, mwalimu wa chekechea pale Garsen. Nimo na Dida walikuwa wamependana tangu siku ile Dida alipolia kama punda asubuhi nzima ili watoto wa darasa lake watazame kamera. Wao wawili hawakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mzee, ambaye alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba hamjui mtu anayelisha mke kwa kufumba jicho moja.

"Nimekutafutia nafasi," Nimo alikuwa amemwambia. "Liban amemaliza shule, baba anataka picha ya ukutani. Akiipenda, nitamwambia wazee wako wanaomba kuja. Asipoipenda, Dida, usimtume hata mtu wa kuleta salamu."

Ndiyo maana Dida alikuwa ameanza na hotuba.

Liban aliletwa, akavalishwa joho. Alikuwa mrefu kama nguzo ya stima, na joho likamkomea magotini. Kwa nyuma lilikuwa limepasuliwa tangu shingoni mpaka chini ili limwenee yeyote yule, kisha Dida akalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Bro, hii joho inanuka marashi ya watu kumi," Liban alinong'ona. "Imefanya mtihani mara ngapi?"

"Mara nyingi, na haijawahi kufeli. Usigeuke."

Mama alisimama kulia, mzee katikati, na Ikhlas, kitinda mimba, mbele yao. Ikhlas alikuwa na kipaji chake. Kila kamera ilipoinuliwa alifumba macho, na kila ilipoteremshwa aliyafumbua na kuuliza kama wamemaliza. Dida akaona hakuna budi. Akameza mate, akalia kama punda kwa sauti yake yote, na nyuma ya nyumba punda wa kweli akamjibu kwa uchungu mkubwa. Ikhlas akafumbua macho kumtafuta. Picha ikapatikana.

"Imekwisha?" mzee aliuliza.

"Imekwisha, na imefana."

"Na ng'ombe?"

Dida alitazama zizi. Zizi lilikuwa tupu, miiba na vumbi. Mifugo ilikuwa imepelekwa mbali, huko chini upande wa Kipini, kufuata majani.

"Huyu mtoto si mimi nimesomesha," mzee alisema, akimwonyesha Liban kwa fimbo. "Mimi nilikaa tu. Ng'ombe ndio wamesomesha. Shule ikifunguliwa, mmoja anaenda mnadani. Ikifunguliwa tena, mwingine. Sasa yeye anavaa nguo ya shekhe anasimama hapo peke yake, kama amejizaa."

Nimo, aliyekuwa mlangoni na birika, alimtazama Dida kwa macho yaliyosema: fanya kitu.

"Mzee, hilo niachie," Dida alisema. "Ng'ombe atakuwepo kwenye picha."

"Atatoka wapi?"

"Kwenye teknolojia."

Mzee alifikiri. "Huyo Teknolojia ni wa ukoo gani?"

Liban alicheka mpaka kibanio kikafyatuka.

Hapa hatuna budi kumtambulisha Bosi, kwa heshima zote anazostahili.

Miezi michache nyuma, siku ya mnada, Dida alikuwa akikatiza soko la mifugo la Garsen akaona fahali amefungwa peke yake. Alikuwa mwekundu kama udongo wa mto, mwenye kiraka cheupe begani na nundu kubwa, na shingo aliyoiinua kama mtu aliyekwisha kusikia habari zake. Dida alimpiga picha moja tu. Mwanga ulikuwa mzuri, na fahali, tofauti na wateja wote wa Dida Digital, hakuomba apunguzwe tumbo. Akamhifadhi kwenye simu, akampa jina Bosi.

Tangu hapo Bosi alikuwa amehitimu kidato cha nne mara nyingi kuliko kiumbe yeyote wa Tana River. Alisimama nyuma ya Suleiman, mtoto wa Mzee Roble. Alisimama nyuma ya Mumina na shangazi zake. Alisimama hata nyuma ya mtoto wa Masha wa karibu na Kipini, mtu ambaye maishani mwake hakufuga mnyama mkubwa kuliko bata, na ambaye alipoiona picha alitokwa na machozi ya shukrani.

Dida hakuwa mjinga. Ili watu wasimtambue Bosi, alimgeuza kushoto kulia, kama kwenye kioo. Nyumba hii Bosi alitazama upande wa Hola, juu ya mto, nyumba ile akatazama upande wa Kipini. Kwenye simu ilikuwa kazi ya kugusa mara moja tu. Na kwa kuwa Galgalo na Roble walikaa kibaraza kimoja baada ya swala, na kwa Roble Bosi alitazama Hola, basi kwa Galgalo angetazama Kipini. Dida alijipongeza kwa sauti, peke yake, ndani ya harufu ya dawa ya kupe.

Jambo moja tu lilimpita. Dida alizaliwa Muorma, watu wa ng'ombe, lakini alikulia mjini, mama yake akiuza chai stendi. Ng'ombe alimjua kwa pande mbili: maziwa na nyama. Pande nyingine hakuwahi kuonyeshwa.

Ijumaa aliipeleka picha, imewekwa fremu yenye kioo na kufungwa kwa gazeti. Safari hii alivaa suruali mpya. Nimo aliandaa chai yenye maziwa mengi, akakaa karibu na mlango. Liban alisimama tayari kupongezwa.

Mzee Galgalo aliifungua, akaishika mbali. Akaisogeza karibu. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Liban hakutazamwa hata kidogo. Angeweza kuwa amevaa gunia. Mzee akainuka bila neno, akaenda kuitazama juani, na Dida akamwona kwa mgongo, amesimama kimya muda mrefu sana.

"Ameipenda," Dida alinong'ona.

"Nyamaza," Nimo alimjibu.

Mzee alirudi akaketi.

"Nimo, pigia Roble simu. Fungua sauti."

Simu ikaita. Sauti ya Roble ikajaza chumba, na nyuma yake mbuzi wakilia.

"Roble, iko ng'ombe yako hapa kwangu."

"Ng'ombe gani? Zangu zote ziko chini huko, kwa majani."

"Nyekundu. Bega nyeupe. Sikio ya kushoto imekatwa."

Ikhlas alisogea, akachungulia picha, akasema kwa upole wa mtu anayesoma kibao cha barabarani, "Kushoto ni ya kina Roble," kisha akaenda zake kucheza. Ukoo wa Galgalo ulikata sikio la kulia. Ukoo wa Roble ulikata la kushoto. Katika nyumba ile hilo lilijulikana kabla ya mtoto kuota meno. Dida ndiyo kwanza asikie.

Roble akauliza polepole, "Hiyo nyekundu... inasimama tu? Haisogei?"

"Haisogei."

"Shingo juu, kama inasubiri kusalimiwa?"

"Ndiyo hiyo."

"Galgalo, hiyo hata mimi iko nayo. Iko ukutani, na Suleiman. Lakini yangu imekatwa sikio ya kulia, kama ya ukoo yako. Niliona siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ni dume nzuri sana, ndugu yangu. Wageni wanaisifu. Wewe ungesema?"

Mzee Galgalo alitafakari swali hilo kwa haki. "Kata simu," alimwambia Nimo.

Kisha akamgeukia Dida, na Dida akajikuta amesimama kama siku ile ya hotuba, bila hotuba.

"Hii dume naijua," mzee alisema. "Nililea mwenyewe, tangu mama yake amekufa. Mwaka huu Liban aliambiwa hafanyi mtihani mpaka karo iishe. Niliipeleka Garsen kwa mguu, nikaifunga kwa mkono yangu, nikaenda kukaa mbali nisione nani anaichukua. Bega nyeupe ilikuwa upande ya kulia. Sikio, kulia. Nimekaa hapa nadhani nimeona mtu amefufuka. Halafu naona sikio. Umenirudishia ng'ombe yangu, kijana, na saa hiyohiyo umempa Roble."

Liban alikuwa ameacha kusubiri pongezi. Alisogea akaitazama picha juu ya bega la baba yake, na safari hii hakusema lolote kuhusu joho.

"Ni simu, mzee," Dida alianza. "Simu wakati mwingine..." Akakutana na macho ya Nimo. "Hapana. Si simu. Ni mimi. Nilimgeuza mimi."

"Na kwa Roble, nani aliiweka?"

"Mimi."

"Na wapi tena?"

Dida akataja. Alitaja kina Mumina, akataja nyumba mbili za njia ya kijiji cha Wema, akataja mwalimu mmoja aliyeng'ang'ania apewe Bosi ingawa hakuwa amehitimu chochote. Alipofika kwa Masha wa mabata, Nimo aliuvuta mtandio akajifunika uso wote, mabega yakimtikisika.

"Nilidhani ng'ombe ni ng'ombe, mzee," Dida alimalizia.

Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Mzee alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole, na mama, aliyekuwa kimya siku zote mbili, akasema "Astaghfirullah" ndani ya kikombe.

Dida akaanza kuipima njia ya kwenda kwenye pikipiki. Hakuwaza tena fremu wala bango wala jina la studio. Aliwaza jinsi Nimo atakavyompita kesho barabarani akiwa na watoto wake wa chekechea, akitazama mbele.

Mzee alikuwa ameishika picha tena. Safari hii jicho lake lilimpita fahali, likampita Liban, likafika kwake yeye mwenyewe, katikati, akitabasamu na fimbo mkononi. Ulimi wake ukapapasa polepole ndani ya shavu, pale mbele palipokuwa na pengo la miaka mingi.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Haya meno ni ya nani?"

Dida alitazama miguu yake. "Yangu, mzee."

"Yako?"

"Niliupiga picha mdomo wangu studio, nikakuwekea. Niliona pale mbele pana... pana nafasi."

Liban alitoka nje mbio, akasikika akicheka mbali, nyuma ya zizi. Mzee hakucheka. Aliinua picha usawa wa uso wa Dida, akalinganisha, meno kwa meno.

"Funua."

Dida akafunua.

"Hm," mzee alisema, na akaiweka picha magotini kwa uangalifu. "Ng'ombe rudisha. Meno acha."

"Ndiyo, mzee."

"Rudisha sasa hivi. Hapa, nikiona."

Dida akaketi mkekani, akatoa simu. Kigoda kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo mzee akateremka akaja kukaa mkekani, bega kwa bega naye, karibu mpaka Dida akasikia harufu ya maziwa na moshi kwenye shuka lake.

"Una mjomba ambaye anachunga?"

"Ninaye, mzee. Anaitwa Molu."

"Anajua sikio?"

"Anajua."

"Basi yeye ndiye aje na wazee wako. Wewe utakaa na pikipiki."

Mlangoni, birika likagonga kikombe. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Dida alibonyeza. Fahali akaacha kutazama Kipini, akageuka, akamtazama Liban, sikio la kulia mbele. Mzee akanyoosha kidole, akagusa kioo kama anavyogusa mtu ngozi ya mnyama asiyetaka kushtuliwa, na picha ikavimba chini ya kidole chake. Joho likatoka. Boma likatoka, na meno nayo yakatoka, mpaka kikabaki kiraka cheupe cha bega na manyoya mekundu pembeni. Dida alijua jinsi ya kuirudisha picha. Hakusema, na mzee hakuuliza.