Nyimbo Tisa za Sauti ya Pili

Pete hakukaa kitako siku ile. Studio yenyewe chumba kimoja tu juu ya duka la vyuma, ukutani magodoro, dirishani blanketi, na yeye anakizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anagusa kinanda, anaacha. Anafungua mlango, anafunga. Mpaka Fundi, yule wa kurekodi, akageuka kwenye kiti chake.

"Dada, utanitoboa sakafu tuangukie kwenye misumari ya watu."

"We bonyeza tu, nisikie."

"Umezisikia mara arobaini."

"Ya arobaini na moja basi. Inakuuma wapi?"

Usimcheke lakini. Miaka minane alikuwa nusu ya kundi la Chanda na Pete. Chanda anaimba juu, anaubeba wimbo. Pete anamfuata kwa chini, sauti ya pili, ile ambayo ukiiondoa wimbo unakauka, ila ukiiacha peke yake hujui ni wimbo gani. Hata nguo walikata gora moja. Halafu wakagombana kwa kitu ambacho ukikisimulia utaona aibu, nani asimame mbele kwenye picha, Pete akabeba begi lake akaondoka. Chanda akaulizwa redioni, akacheka: "Namtakia heri. Ila pete bila chanda si inaviringika tu uvunguni?" Basi kila mtu akakidaka hicho kijembe. Mpaka muuza maji alikuwa akimwona anamwambia, "Dada, uvunguni kuna vumbi?"

Ndiyo maana ya hii albamu. Nyimbo tisa, kaziandika mwenyewe, kaziimba mwenyewe. Kampuni ya kusambaza imempa mpaka Ijumaa saa sita mchana awe amekabidhi. Akichelewa, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne, na Chanda naye ana yake jikoni, inatoka mwezi ujao. Pete alishapiga picha kichwani: atakayetangulia ndiye mwimbaji, atakayefuata ni mwangwi. Na leo Jumatano.

Mlango ukasukumwa, akaingia Shangazi. Huyu ndiye aliyemlea, fundi wa cherehani, kaja kumpimisha gauni la kupigia picha ya jalada. Futi shingoni, pini mdomoni.

"Simama nikupime."

"Siwezi kusimama, Shangazi."

"Basi nitakushona ukikimbia."

Fundi akaachia nyimbo. Shangazi anapiga pini huku kichwa kinatikisika taratibu. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatoa pini mdomoni.

"Tamu, jamani. Tamu kweli. Sasa mwimbaji anaingia saa ngapi?"

"Mwimbaji gani?"

"Si wewe hapa unaitikia? Namsubiri mwenyewe aanze."

Fundi akacheka. Halafu kicheko kikamkwama. Akarudisha wimbo nyuma, akazima vyombo vyote, ikabaki sauti ya Pete tupu. Akaanza kuimba mdomo umefumba, sauti ya juu yake. Na ule wimbo, ambao miezi miwili ya kurekodi haukuwepo, ukatokea hapohapo mbele yao.

"Mama yangu," akasema. "Dada, umeimba sauti ya pili."

"Kwenye huu?"

Akafungua wa nne. Wa saba. Wa tisa. "Kwenye zote."

Kosa kama hilo wasingelifanya watu wengine, wangelifanya hawa wawili tu. Pete kila akitunga, chini ndiko anakokwenda, miguu imezoea njia. Na Fundi ndiye aliyewarekodi Chanda na Pete miaka yote minane. Akisikia sauti ya Pete, ya Chanda inajijaza yenyewe masikioni mwake, kama mtu aliyeishi na saa ya ukutani mpaka haisikii tena ikigonga. Kipofu kamwongoza kipofu, wote wakapongezana njiani.

Pete akaingia chooni akafungulia bomba. Alipotoka, Fundi ana simu mkononi na sura ya mtu aliyevunja sahani ya ugenini.

"Usinipige. Nimempigia."

"Nani?"

Simu yenyewe ikajibu, spika iko wazi. "Ni mimi," Chanda akasema. "Ameniambia. Nakuja sasa hivi. Nitaweka sauti ya juu kwenye zote tisa, siku moja inatosha. Jina langu usiandike. Sikutanii, Pete. Mi najua unapokwenda hata kabla hujafika."

Wimbo ulikuwa bado unapita nyuma. Chanda akauingilia kwenye simu, hajawahi kuusikia hata siku moja, akapata kila noti. Ikawa nzuri. Nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo palipouma. Kwa mara ya kwanza siku ile, Pete alisimama pale pale asijongee.

"Asante, mwenzangu," akasema. "Usije."

"Ijumaa utapeleka nini?"

"Sijui."

Akakata. Shangazi akamwangalia Fundi, Fundi akaangalia waya.

"Kuna njia moja," Fundi akasema. "Tuvunje vyombo vyote. Gitaa, besi, kinanda, tuvijenge upya chini yako, halafu uimbe tena, wewe ndiye wimbo. Ila ni kazi ya wiki, si ya siku mbili."

"Anza."

Walianza. Na usidhani mambo yalinyooka. Kila mstari ukifika mwisho Pete anateleza chini kwa mazoea, Fundi anapiga kelele, "Umempisha tena! Hayupo, dada! Pita!" Alhamisi yote zikatoka nyimbo mbili. Ijumaa saa tano na nusu wana tatu, na Pete ametafuna kucha zote, amehamia kwenye kamba ya hedfoni.

Shangazi akasema polepole, "Mwanangu, peleka zile tisa za mwanzo. Nani atajua? Mimi mwenyewe muziki nausikia harusini tu."

"Na wewe ndiye uliyejua, Shangazi."

Akapiga simu kampuni. Bibie wa huko akapokea kwa haraka zake. Pete akamwambia leo haleti kitu.

"Ni miezi minne, unaelewa?"

"Naelewa."

"Mwenzako atakutangulia. Mimi sitaweza kukusaidia kwenye hilo."

"Atangulie."

Alipokata, Shangazi akaketi kwenye kigoda, gauni mapajani. "Utakuwa wa pili tena, mama."

"Kwa tarehe tu."

Alilisema kwa ujasiri. Lakini dakika mbili hazikupita akataka simu yake ampigie tena yule bibie, aombe msamaha, apeleke chochote. Fundi akaiwahi, akaifungia kwenye droo, akakalia funguo.

"Wa nne," akasema.

Pete akamtukana. Tusi refu, la kiufundi, Shangazi akajifanya anahesabu pini. Halafu akavaa hedfoni, akaimba, akaharibu mstari wa pili.

"Tena," Fundi akasema.

"Nimesikia nilivyoteleza," akasema Pete, na tayari alikuwa ameshavuta pumzi.