Miguu ya Pekupeku

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna ndege iliyotua kwenye kile kiwanja cha nyasi kabla mjomba hajavua viatu. Alivifunga kamba, akavitundika shingoni, akakitembea kiwanja kizima kwa nyayo tupu, kwenda kwa upande wa kushoto, kurudi kwa upande wa kulia. Macho, alikuwa akisema, hudanganywa na nyasi: juu kijani, chini uji. Akimaliza alishika redio na kumpa rubani neno moja kati ya mawili: teremka, au rudi. Watu walimwita Pekupeku, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake.

Rubani wa siku ya ajali alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake. Akiwa na miaka tisa alimfuata kiwanjani, akikanyaga alipokanyaga.

“Unasikia nini?”

“Baridi, mjomba.”

“Baridi hata chura anaisikia. Bonyeza kisigino! Pakikujibu, pagumu. Pakinyamaza, mwambie rubani akalale kwao.”

Alipokuja kurusha ndege mwenyewe, viwanja vingine aliviulizia mara tatu. Hiki alikiulizia mara moja.

Miezi minne kabla ya ajali alikwenda kumtembelea. Mjomba aliingia kutoka uani, akajitupa kitini, akanyoosha miguu, huku akisimulia kisa cha abiria aliyetapika ndani ya kofia yake kisha akaivaa. Alicheka peke yake. Kwenye wayo wa kulia palikuwa na msumari, umezama hadi kichwa, na damu ilikuwa imechora njia kutoka mlangoni.

“Mjomba, mguu wako.”

Aliutazama kama anayetazama mguu wa jirani. Akauchomoa msumari bila kukunja uso, akauweka mezani kando ya kikombe.

“Sukari hii,” alisema kwa sauti ya chini. “Imenitia ganzi kidogo huku chini. Mke wangu asijue. Na kazini wasijue, umenisikia?”

Alimsikia. Alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaifuta ile damu mpaka sakafu ikang’aa. Wakati ule aliona ndiyo heshima.

Siku yenyewe alibeba makasha ya chanjo na muuguzi wa zahanati, mama mcheshi aliyeshika mkanda wake kwa mikono miwili na kuuliza kama ndege ina honi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Rubani alipita juu ya kiwanja mara moja, chini chini, kutazama. Mbuzi hakuna. Upepo umetulia. Mjomba amesimama ukingoni, viatu shingoni, mkono juu.

“Umetembea kote, mjomba?”

“Kote. Pakavu kama kigae. Teremka, mpwa wangu, chai inapoa.”

Msumari ukamjia. Ulimjia pale pale hewani, pamoja na kile kikombe. Kurudi mjini ilikuwa dakika arobaini tu, na mafuta alikuwa nayo. Lakini angesema nini redioni, na wote wanasikiliza? Akaufukuza msumari, akashuka.

Magurudumu ya nyuma yaligusa vizuri. Mita mia mbili mbele, gurudumu la mbele likazama, pua ikachimba tope, panga la injini likapinda kama kijiko. Rubani alitoka na michubuko. Muuguzi alivunjika mkono wa kulia mahali pawili, na mpaka leo mkono ule haushiki sindano.

Fomu ya ajali iliuliza nani alikagua kiwanja, na kwa njia gani. Aliandika: mjomba wangu, kwa miguu. Kisha akaandika: Miguu yake imekufa ganzi. Nilijua.

Yeye alisimamishwa kuruka mwaka mzima. Mjomba aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo.

Mama yake rubani ndiye aliyemkokota kwenda kwa mjomba kuyamaliza. Mjomba alikuwa kwenye kiti kile kile.

“Umemwaga unga wangu,” alisema kabla ya salamu. “Si ungeandika mvua? Mvua haina mke, haina watoto. Nimekufundisha ardhi mimi, ukanizika nayo!”

“Mwombe radhi mjomba wako, mwanangu,” mama alisema. “Neno moja tu, yaishe.”

Rubani alitazama chini. Mzee alikuwa amevaa viatu humo humo ndani, kamba zimekazwa mpaka nyama imefura juu yake, na hana habari. Akapiga magoti. Mama alishusha pumzi, akidhani limekwisha.

Alilegeza kamba za mguu wa kulia, kisha za kushoto, taratibu, tundu kwa tundu.

“Najuta, mjomba,” alisema bila kuinua uso. “Najuta siku ya msumari. Ningepiga kelele siku ile, ungenichukia, na yule mama angekuwa na mkono wake. Nimekwenda kwake nikamwambia hivyo hivyo.”

“Na mimi?” mjomba aliuliza. “Mimi unaniambia nini kwa ile karatasi?”

Alivivua viatu, akaviweka kando, sawasawa. Akasimama.

“Kwa ile karatasi siombi radhi.”